Nimeshiba, Mwanangu

Ugonjwa wa neva ulipomnyang'anya mama sauti na nguvu za mikono, alivishwa shingoni kifaa cha kumsemea. Kilijifunza kwa rekodi zake za zamani, nyingi za harusini, na kisheria kikisema, amesema yeye.

"Mama, uji tayari."

"Ahsante, mwanangu, nimeshiba," kilijibu kwa sauti yake ileile tamu. Mkono wa mashine unaomlisha, unaotii kifaa hicho, ukarudisha kijiko bakulini, kama jana, kama juzi.

Mama yangu ni mtu wa Pangani. Ukimkaribisha chakula hukataa kwanza, ndiyo adabu yao. Ukimbembeleza, hula akamaliza sahani. Basi nikambembeleza. Kifaa kikakataa tena.

Nikampigia fundi.

"Dada, hakijaharibika," alisema. "Kwani hayo si maneno yake?"

"Ni yake! Lakini hakuwa na maana hiyo!"

"Basi amekataa. Ukimlazimisha, utashtakiwa."

Nikakata simu, nikachota uji kwa mkono wangu. Mama akafungua mdomo.

Pale pale kifaa kikapiga simu polisi, kwa upole wote wa mama: "Samahani kuwasumbua, wanangu. Binti yangu ananilazimisha kula."

Mdomo wake ulikuwa bado wazi, unangoja kijiko.