Dirisha la Marehemu

Tangu apewe chumba cha kuandikia katika nyumba ya marehemu mshairi, Raya hakuwa amethubutu kusoma hata ubeti mmoja kwa sauti. Asubuhi hiyo ubeti ulimjia mzimamzima. Akalisukuma dirisha la ghorofani, akausoma.

“Mshororo wa mwisho unachechemea, mwanangu!” akadakia Bi Mize, jirani wa ng'ambo, aliyekuwa akianika nguo kwenye roshani yake. “Hata marehemu tulikuwa tukimrudisha hapohapo. Haya, rudia!”

Raya akacheka, mashavu yakimwaka. Akafuta neno, akaandika jingine, akarudi dirishani mbio.

Mtaa ulikuwa kimya. Madirisha yalikuwa yakifunguliwa, moja baada ya jingine, na kanga mkononi mwa Bi Mize ikichuruzika maji, haijaanikwa.