Alama ya Kidole

Nilikuwa nasafisha jeneza la kale la Misri, kwenye karakana ya makumbusho, nilipoiona alama ya kidole kando ya jicho lililochorwa. Mchoraji aligusa rangi kabla haijakauka, na kosa lake limekaa pale miaka elfu tatu. Hata mistari ya ngozi ilionekana.

Simu ikalia. Mume wangu.

"Mama Kidosho, fundi rangi amefika. Aanze na chumba cha mtoto?"

Tangu tumzike Kidosho sijatoa hata chozi, na watu wameshaanza kunisema. Ukutani kwake, chini ya swichi, kuna alama ya kiganja kidogo, ya mafuta ya kupaka. Nilimgombeza sana siku ile.

"Mama Kidosho, unanisikia?"

"Mwulize," nilisema, "ameshachovya brashi?"