Kiraka cha Mstari Mmoja

Jibu lilifika siku ya pili ya matanga. Masalu alikuwa amewatumia watunzaji wa mfumo huria wa kompyuta kiraka alichokiandika mwenyewe, programu ndogo ya kuiunganisha kompyuta na mashine ya kupumulia ya mama yake. Hakungoja waikague. Aliisakinisha palepale kwenye kompyuta iliyokuwa kando ya kitanda cha mama, akaenda kulala chumbani kwake akiwa na amani, akiamini king'ora kingemwamsha.

"Kazi safi," msimamizi wao aliandika. "Ila kuna kosa moja. Pumzi ikikatika, king'ora hakilii. Rekebisha, ijaribu, utume tena."

Lilikuwa kosa la mstari mmoja tu. Masalu alilirekebisha, akajivika barakoa ya marehemu, akabana pumzi. Kwenye skrini, mstari wa pumzi uliokuwa ukipanda na kushuka ukalala.

King'ora kikalia nyumba nzima. Uani, waombolezaji wakageukia nyumba.

"Kaka, kizime!" dada yake, Kabula, aliita kutoka nje. "Watu wanashtuka!"

Masalu hakukizima. Bado alikuwa amebana pumzi, akiukodolea macho, ng'ambo ya ukumbi, mlango wa chumba alimolala yeye usiku ule mama alipokata roho, kana kwamba kuna mtu angetoka humo mbio.