Pumzi ya Kwanza

"Leo chora ramani ya nyota ya mtu unayempenda," alisema mwalimu wangu wa unajimu wa Veda, ule wa Wahindi wa kale. "Ila usiniletee ya mume. Mtaanza kugombana bure."

Nilicheka, nikachora mraba wenye vyumba kumi na viwili pembezoni. Ghorofa ya chini, cherehani za mafundi zilinguruma.

Kwa miezi kadhaa alikuwa akinifundisha kwamba nyota hazimwonei mtu. Kila nafsi huzaliwa na matunda ya matendo yake ya maisha yaliyopita, na nyota huyaonyesha tu. Nilimfuata kwa ajili ya fundisho hilo.

"Mtu wako kazaliwa saa ngapi?"

"Saa inahesabiwa kuanzia wapi, Mama?"

"Pumzi ya kwanza. Mtoto akilia tu, ramani imeanza."

Niliikandamiza penseli mpaka ncha ikatoboa karatasi.

"Wangu hakulia."

Alivua miwani yake. Akafuta kioo kimoja kwa upindo wa gauni, akakifuta tena, ingawa kilikuwa safi.

"Nilitaka kujua alifanya kosa gani," nikasema. "Au kosa ni langu."

"Usiseme hivyo, mwanangu."

"Si ndivyo ulivyonifundisha?"

Aliivuta karatasi upande wake, akaitoa penseli taratibu mkononi mwangu, akaishikilia juu ya katikati ya mraba, mahali ambapo huwa hatuandiki kitu.

"Ulimpa jina gani?"

Tangu siku ile alipozaliwa, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza.