Kisogo Bapa

Musombwa hakuwa na wakili, wala ndugu wa kumwekea dhamana, ila pia hakukuwa na shahidi hata mmoja aliyemwona akiiba. Kwa hiyo alitarajia kuachiwa siku hiyo. Lakini sheria mpya ilitaka kila mshtakiwa apimwe kichwa kwanza, maana wataalamu walisema mwizi huzaliwa mwizi.

Daktari alimzungushia utepe, kisha akampapasa kisogo. "Bapa kama sahani. Hii ndiyo alama ya mhalifu wa kuzaliwa."

"Mama alifariki akinizaa, bwana daktari," Musombwa alisema. "Nililazwa chali mkekani, hakukuwa na bibi wa kunikanda kichwa. Watoto wote wa hapa hukandwa, waulize."

"Kumbe nawe ni fundi wa vichwa?"

Askari aliyesimama mlangoni alicheka, huku akijishika kisogo chake cha mviringo.

Daktari akamwandikia gavana barua: afungwe maisha kisiwani. Akaikunja na kuizungushia uzi, lakini fundo lilimponyoka.

"Hebu nibonyezee hapa."

Musombwa, kwa adabu aliyolelewa nayo, akabonyeza kidole. Lakiri ya moto, nta ya kufungia barua, ikadondoka kando ya ukucha wake. Tarishi akaichukua barua, bado ina joto, akatoka nayo.