Dhambi Iliyopelekwa Songea

"Mkanda nao vua," mlinzi alisema.

Bernadi alikuwa ameshavua viatu. Akautazama mkanda, kisha akamtazama mlinzi.

"Ni ngozi, mzee. Humu ng'ombe anaheshimiwa, haingii kiunoni mwa mtu."

Akauvua. Kuanzia hapo suruali aliishika kwa mkono wa kushoto, wa kulia akauacha kwa ajili ya Mungu. Mlangoni alitafuta maji ya baraka, hayakuwepo. Akaona kengele, akaipiga mara tatu, kama wakati wa mageuzo kwenye misa.

"Moja inatosha," mlinzi alisema. Jina lake Sixbert, Mngoni, na alikuwa anakula karanga. "Hapa siyo shule."

"Padre wao yupo?"

"Wewe ingia. Kuna mtu ndani."

Bernadi hakuwa Mhindu wala hakutaka kuwa. Alikuwa Mkatoliki wa Ukata, kule Mbinga, mwenyekiti wa walei parokiani, na alikuwa na dhambi moja. Mwaka ule soko huria lilipofika Mbinga na wanunuzi binafsi wakaanza kugombania kahawa, alilisogeza jiwe la mpaka kati ya shamba lake na shamba la parokia. Alijipatia mistari mitatu ya mibuni iliyokwisha kuzaa. Paroko, Mjerumani mzee mwenye miguu mibovu, hakuwahi kushuka kule bondeni. Tangu siku hiyo Bernadi hakukomunika tena; ekaristi aliiona ikipita.

Sasa yule mzee alikuwa amerudi kwao, na Jumapili parokia ingempokea mwingine. Notburga, mkewe, alishamwambia: "Baba Vitalia, wewe utakaa benchi la mbele. Watu watanyanyuka kwenda kukomunika. Ukibaki umekaa, nitakuuliza pale pale, na kwa sauti."

Mapadre wa jirani alijua watasema nini: rudisha kwanza. Yeye alitaka dhambi iondoke, mibuni ibaki. Alifikiri wiki nzima, akaona anayemfaa ni mtu wa Mungu asiyejua habari za kahawa. Ndipo akapanda basi mpaka Songea, kwenye hekalu la Wahindu.

Ndani mlinukia udi. Masanamu yalikuwa yamevishwa maua ya rangi ya chungwa, na mbele yao alisimama Mhindi mmoja wa makamo, peku, shati jeupe, mikono nyuma. Aliyapitia moja moja, kama mwenye nyumba anayekagua.

Bernadi akapiga magoti. Suruali ikataka kumwacha, akaiwahi.

"Shikamoo. Naomba kuungama."

Yule mtu akageuka. Akatazama mlangoni, kisha akamtazama mzee aliyekuwa sakafuni.

"Baba, hapa hata mimi ni mgeni," alisema. Kiswahili chake kilikuwa safi mno, cha darasani.

"Ndiyo vizuri. Mgeni hana wa kumsimulia."

Yule mtu akachuchumaa karibu naye, akainamisha kichwa, akatega sikio.

"Mara ya mwisho uliungama lini?"

Bernadi akafurahi kuona kwamba swali hilo hata wao wanalo. Akaeleza yote: jiwe, bonde, mistari mitatu, miguu ya Mjerumani. Alieleza mpaka na umri wa mibuni.

"Lirudishe jiwe," yule mtu alisema.

"Hata ninyi?"

"Hata sisi."

"Bila hivyo haiwezekani?"

"Ukiahidi kulirudisha, inawezekana."

Bernadi akaahidi. Ahadi aliyoitoa kwenye dini ya watu, alijua mwenyewe, haivuki Mto Ruvuma kurudi naye nyumbani. Yule mtu akainua mkono, akanong'ona maneno kwa lugha ya kwao. Bernadi akainama, akasikia mwili umekuwa mwepesi kabisa.

Alipotoka, Sixbert alimnyooshea donge dogo la tamutamu, la sukari na samli.

"Kula, mzee. Wanampa kila anayekuja."

Bernadi akalipokea kwa ulimi. Hakulitafuna mpaka basi lilipofika Kigonsera.

Nyumbani alikula vizuri, akalala vizuri. Jiwe hakuligusa. Jumamosi alishuka bondeni kuitazama ile mistari mitatu, akang'oa magugu kama mtu mwenye shamba lake.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka nje. Watu walikuwa na hakika kwamba analetwa Mjerumani mwingine, na kwaya ilikuwa imefanya mazoezi ya wimbo wa Kijerumani kwa mwezi mzima. Bernadi alikaa benchi la mbele na suti yake ya harusi. Notburga alikaa kando yake, macho makavu.

"Leo unakwenda?" alinong'ona.

"Mama Vitalia, mbona nitakwenda wa kwanza."

Kengele ikagongwa. Watumikiaji wakaingia na mishumaa, na nyuma yao, ndani ya kasula nyeupe ya padre, akaja yule mtu wa hekaluni. Kwaya ikasita, kisha ikauimba ule wa Kijerumani, kwa sababu haikuwa na mwingine.

Padre alipofika benchi la mbele akasimama, akampa Bernadi mkono.

"Mimi ni Padre Yosefu, natoka India," alisema. "Bila shaka wewe ndiye mwenyekiti. Nimefurahi, baba. Hatujawahi kuonana."