Meno ya Mzee Shekue

Kadhi aliuweka mkono wa bwana harusi ndani ya mkono wa Mzee Shekue, akasubiri. Msikiti mzima ukasubiri. Baba yake Zawena, bibi harusi, alikwisha kufariki, na babu yake huyu alikuwa amemwahidi kwamba atamwoza kwa kinywa chake mwenyewe.

Kinywa hakikufunguka. Meno ya bandia yalimbana na kumchoma ufizi. Hayakuwa yake. Walipokuwa wakitawadha, yeye na babu wa bwana harusi waliyatoa meno yao ili wasukutue, wakayaweka pamoja ukingoni mwa birika.

"Mzee, sema," kadhi alinong'ona.

"Mmh."

"Kageuka huyo!" mtu alisema nyuma. "Hataki tena!"

Kadhi akainama. "Nipe mimi uwakili, babu, niseme badala yako."

Mzee Shekue akatikisa kichwa. Uzee ulimdai kila mwaka: mwaka juzi miwani, mwaka jana fimbo, mwaka huu meno, ambayo aliuza ng'ombe ili ayapate. Leo ulitaka na sauti yake.

Ya Rabi, nisitiri, aliomba moyoni.

Bila kuuachia mkono wa kijana, aliyatoa meno mbele ya watu wote, akayaweka juu ya goti lake.

"Nimekuozesha mjukuu wangu Zawena," alisema kwa ufizi mtupu, polepole, neno baada ya neno.

Mtu mmoja alicheka, akakatizwa. Kijana alikuwa bado hajajibu. Nyuma yake, babu yake, ambaye hakuwa amesema neno tangu watoke birikani, alipeleka vidole kinywani.